Sinia la Ziada la Kijakazi

Mke wangu Kijakazi ana miaka hamsini na mbili. Miaka kumi na tisa amewanyanyua wazee wa watu vitandani hapa Ilford, ughaibuni, mpaka mgongo ukasema basi. Ndipo, huku bado anashika zamu, akajiandikisha chuoni kusomea kuandika programu za kompyuta. Mimi nilicheka, tena sana, na naona haya kulisema.

Mwezi Machi chuo kilifanya tamasha la teknolojia, na ndani yake shindano la mtandaoni: maswali matano, saa mbili, kila mtu kwake. Kumi wa mwanzo wangepewa nafasi ya kujifunza kazi ofisini. Kazi ya kukaa kitini, jamani! Kijakazi aliitaka nafasi ile kufa na kupona.

Jumamosi alasiri akakaa sebuleni na laptop, kanga kiunoni. Mimi nikawa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Maswali manne yakapita. Kila jibu likikubaliwa alama inageuka kijani, na mimi naruka.

"Mansour, hebu kaa! Utanikosesha!"

La tano lilikuwa la karamu. Wageni kadhaa, watano kila meza, waliogombana wasikae pamoja: tafuta idadi ndogo kabisa ya meza. Wallahi nilipiga makofi. Harusi zote za Wapemba wa huku, mpangaji wa masinia ni nani kama si Kijakazi? Anajua nani hali na nani, na nani kanuna tangu msiba wa mwaka juzi.

Akaandika haraka, akatuma. Nyekundu. Akakagua, akatuma tena. Nyekundu! Zimebaki dakika sita, na roho yangu iko mkononi.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, kwa kihoro tu. "Wageni ishirini, hawana ugomvi. Programu yako inasema meza ngapi?"

"Tano."

"Ishirini kwa watano, si nne?"

"Na wanaokuja bila kualikwa je, wakale wapi? Lazima uweke sinia la..."

Akanitazama, nikamtazama. Tukaangua kicheko mpaka machozi, na saa inakwenda! Kumbe kila karamu alikuwa ameiongezea meza moja ya wageni wa ghafla. Akaifuta, akatuma.

Kijani!

Orodha ilipotoka, jina lake lilikuwa la tisa. Kijakazi akapiga kigelegele, na mimi, mwanamume mzima, nikapiga cha kwangu, kibovu kupita kiasi. Tulikuwa tunacheza katikati ya sebule simu ilipolia. Emma, msimamizi wake wa kazi ya wazee, alikuwa akimwomba aje kesho kushika zamu ya mtu. Miaka yote hiyo sijapata kumsikia mke wangu akikataa zamu.

"Kesho siji," akasema.

"Unaumwa?" Emma akauliza.

"Siumwi," Kijakazi akamjibu, anahema. "Nimefurahi tu."