Siku Mtani Wangu Alipogombea Urais

Mwaka ule vyama vilipokuwa vinatafuta watu wa kusimama urais, kila mgeni aliyepita kwetu Ruaruke alitaka maoni yangu. Wa redio walikuja, wa semina walikuja, na vijana wa kata wakapita nyumba kwa nyumba na madaftari yao. "Mama, ungependa mgombea wa namna gani?" Jibu langu lilikuwa moja, nimelikariri kama dua ya chakula: "Mtakayetuletea ndiye huyohuyo, mwanangu." Wakaandika, wakashukuru, wakaenda zao. Mie nikarudi kwenye ukili wangu.

Si kwamba maoni sina. Ninayo mpaka yananiwasha koo. Lakini sisi wa Kibiti tumepitia miaka ambayo watu walifunga milango jua halijazama, na asubuhi wakaulizana kwanza kama wote wapo. Miaka ile ilitufundisha maneno machache: sikuona, sikuwepo, sijui. Hofu ilipoondoka, maneno yalibaki. Mtu akikuuliza unamtaka nani awe rais, unajua kweli anakwenda kumwambia nani? Basi. Unamjibu kwa adabu, anaondoka, nawe unaendelea na shughuli zako. Nimechoka mie kuishi hivyo, lakini ndivyo nilivyoishi.

Alasiri tulikuwa tunakaa barazani kwangu, wanawake wanne watano, tunasuka ukili, ile mikanda ya miyaa tunayoiunga ikawa mikeka. Hapo ndipo maoni yalipotoka, tena kwa sauti ya chini. Mmoja alisema yeye anamtaka atakayelala kwetu masika, asubuhi atafute barabara aikose, ndipo ajue. Wa pili, ambaye ndugu zake wanalima Ngarambe, alisema akipatikana wa kuwatoa tembo kwenye mahindi, hata awe chama gani, atampa kura na kuku juu. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, hapendi maneno mengi. "Mie kila niliyemchagua ameshinda," alisema. "Na maji nachota kisima kilekile. Labda nina mkosi." Tulicheka, kisha akapita mtu tusiyemjua na baiskeli, tukaanza kuzungumza habari za rangi ya mikeka.

Mmoja tu kati yetu hakujua kushusha sauti. Huyu alikuwa mtani wangu. Yeye Mmatumbi, alishuka kutoka milimani kwao akaolewa huku, na mie Mndengereko. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa na ruhusa ya kunitukana. Ndivyo utani ulivyo. Ananiita mtumwa wake, ananiambia nimezeeka kama chungu cha mkaa, akija ananyanyua kifuniko cha sufuria bila kuuliza, nami nanyamaza au namrudishia. Baina ya watani hakuna kukasirika. Na kukiwa na msiba, mtani ndiye mwenye kazi ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili waliofiwa wapumue. Hakuna anayeweza kumkataza. Miaka zaidi ya thelathini sikuwahi kusikia neno la heshima kutoka kinywani mwake, na hakuna mtu niliyempenda zaidi.

Mwaka huo macho yalikuwa yanamwishia. La kushoto lilikwisha zamani. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, anaona watu kama moshi, anatutambua kwa sauti na kwa mwendo. Tulipopata habari kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali kule Mchukwi kwa siku chache, tulishangilia. Mzee asiyejiweza angefanyiwa upasuaji bure, mradi aje na barua ya mtendaji wa kijiji. Mtani akasema, "Nikitoka huko cha kwanza nitakutazama wewe vizuri, nijue kama sura yako ni mbaya kama ninavyoikumbuka." Barua alikuwa aifuate Jumatatu.

Wiki hiyohiyo baba yangu akafariki.

Alikuwa mzee aliyeshiba umri, mtu wa mikutano. Hakukosa mkutano hata mmoja wa kampeni, wa chama chochote, anavaa koti lake la kijivu anakwenda kukaa mbele. Akirudi tunamwuliza, "Wamesema nini?" Anajibu, "Wamesema tena." Siku ya tatu, hitima imekwisha na watu wameshakula, nilikuwa nimekaa nimejiinamia, machozi hayaji. Nikamwona mtani amesimama mlangoni anasikiliza. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikamtolea lile koti na kofia na mkongojo. Nikamwambia, "Usimwache baba aende kimya." Naomba mtu asinisahaulishe hilo: koti nilimpa mimi.

Akatoka uani kama baba mwenyewe. Kofia kaiteremsha mpaka masikioni, mgongo kaupinda, anakohoa kile kikohozi chake. Wanawake wawili wakamshika mikono, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ndugu wananchi wa Ruaruke, hamjambo?"

"Hatujambo, mheshimiwa!"

"Nasikia mnatafuta rais. Msihangaike, nimekuja. Mie ninafaa kuliko wote. Kwanza nimeshakufa, kwa hiyo sili." Watu wakapasuka. "Pili, wenzangu wakishapata wanaondoka na magari, vumbi mnakula nyie. Mie kaburi langu lipo pale nyuma ya mikorosho. Mkinitaka mnajua nilipo."

"Barabara je, mheshimiwa?" mtu akauliza kutoka jikoni.

"Barabara! Juzi nimeipita nimebebwa mabegani, nimeonja kila shimo!"

"Na tembo?"

"Si ndio majirani zangu sasa? Nitawasema."

Wakawa wanauliza mmoja baada ya mwingine, walewale waliowajibu watu wa redio kwamba hawana neno. Bei ya korosho. Mafuriko yaliyobeba mpunga. Vijana wanaokwenda Dar wakarudi na misemo tu. Wanaume walikuwa wamesogea kutoka kwenye mkeka wao, wazee na kofia zao, wanainua mikono kama wanafunzi. Kisha mwanamke mmoja wa visiwani kule delta akasema, wala hakuwa anacheka, "Na sisi tunaojifungulia ndani ya mtumbwi, mheshimiwa, tukingoja maji yajae?" Mtani akauegemea mkongojo. Nikaona kapoteza mchezo. "Hilo, mama," akasema, "hata mfu linamuuma." Halafu akapiga kinu kwa fimbo, akadai kura zake, na watu wote wakanyoosha mikono.

Nilicheka mpaka ushungi ukaniteleza, na katika kucheka kilio kikatoka, kikubwa, kile ambacho kilikataa siku tatu. Sijawahi kusikia maoni ya kijiji chetu yakisemwa vizuri kama siku ile. Wala sijayasikia tena.

Mtendaji alikuwa amesimama penye ua wa makuti na bahasha ya rambirambi mkononi. Kijana mpole wa bara, hana hata mwaka kwetu, shati lake limenyooshwa vizuri. Uso ulikuwa umemshuka. Akampa kaka yangu bahasha, akaondoka bila kula.

Jumatatu nilimshika mtani mkono tukaenda ofisini. Mtendaji alitukaribisha viti. Kisha akasema, "Bibi, mie sina ugomvi na wewe. Ila umesimama mbele ya watu, kipindi hiki cha uchaguzi, ukafanya mzaha na kiti cha rais, tena msibani. Kwetu msibani watu wananyamaza. Leo nikikuandikia barua, kesho nikiulizwa nilichukua hatua gani nitasema nini?"

Mtani akacheka. "Ebo! Baba, ule utani. Muulize huyu, si ndiye mwenye msiba?"

Akanigeukia. Hakuwa mkali, nataka niwe mkweli. Nadhani na yeye alikuwa anaogopa, kama sisi tu, ila yeye alikuwa na meza. "Mama, ukiniambia kwamba ni mila yenu na familia mliridhia, naandika hivyohivyo, yanakwisha hapa. Utaweka jina na saini tu." Akalisogeza daftari upande wangu na kalamu juu yake.

Jina na saini. Niliitazama kalamu ile. Nikafikiri daftari hili litakwenda wapi, litasomwa na nani, na kaka yangu alivyoniambia asubuhi, "Msiingie kwenye mambo hayo." Nikausikia mdomo wangu unasema, "Mie nilikuwa na majonzi, mwanangu. Nilikuwa ndani. Sikusikia vizuri."

Mtani aligeuza kichwa upande sauti yangu ilikotokea.

"Basi itabidi niulize wilayani kwanza," mtendaji akasema, akafunga daftari.

Njiani nilimweleza mambo mengi, sijui hata nilisema nini. Nilimwambia kesho nitarudi peke yangu nizungumze naye vizuri. Kesho yake kulikuwa na wageni wa msiba. Kesho kutwa yake nilijiambia kijana atakuwa amepoa mwenyewe. Kila asubuhi nilijifunga kanga nikafika mpaka kwenye kona ya madrasa, nikageuka. Madaktari wakaja Mchukwi, wakafungua macho ya watu, wakaondoka. Wazee wawili wa kijijini kwetu walirudi wanahesabu mikorosho kwa mbali na kubishana rangi za kanga zetu. Mtani aliwapongeza kwa vigelegele. Lo, vile vigelegele!

Ndipo nikaenda. Ndiyo, baada ya kila kitu kupita ndipo miguu ikapata nguvu. Mtendaji alinipokea kwa uchangamfu, barua alikuwa ameshaiandika asubuhi ile, majibu ya wilayani yalipomfikia. Wilayani walimcheka, wakamwambia utani ndio maisha ya huku. "Kumbe ni kitu cha kawaida, mama," akaniambia. "Ungenieleza tu siku ile." Nilitoka nikakaa chini ya ukuta wa ofisi, barua mkononi.

Madaktari walirudi baada ya miezi. Tulimpeleka. Daktari alimulika jicho la kulia, akamulika tena, akatuuliza tulikuwa wapi. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa, presha ya jicho imepanda, mshipa umekufa. Hakuna cha kutoa tena. Mtani aliuliza kama ni hakika, akaambiwa ni hakika. Akasema, "Alhamdulillahi," akaomba maji ya kunywa.

Aliendelea kuja barazani. Vidole vyake vilisuka ukili bila macho, tena kwa haraka kuliko sisi. Nilimchokoza kila siku. Nilimwita Mmatumbi mla panya, nilimwambia kanga kaivaa nje ndani, nikingoja anirudishie. Anatabasamu. Sufuria zangu hakuzigusa tena. Nikajipa moyo kwamba ni majonzi ya macho, yatapita.

Siku ya kupiga kura ilipofika alitaka kwenda. Mwanawe alimwambia apumzike, akakataa. Mie nikajitolea kumshika mkono. Tulipanga foleni mbele ya darasa, watu wamejifunika kanga kwa jua, kila mtu na maoni yake kwa sauti ya chini. "Tunamaliza tu kazi," mwanamume mmoja alisema nyuma yangu. "Mie nimekuja wasiseme sikuja," mwingine akamjibu. Hakuna aliyecheka.

Zamu yetu ilipofika, msimamizi alimwona mtani hana macho, akamweleza kwamba anaweza kuingia na mtu anayemwamini, amsaidie kuweka alama pale atakapotaka. Mie nikaanza kuvua viatu, sijui kwa nini, nikajiandaa kuingia.

"Huyu kanileta tu," mtani akasema. "Ndani nataka mwingine."

"Si ndugu yako, bibi?"

"Namjua sana. Ila ndani nataka mtu ambaye nikimwambia neno, atalisema vilevile nilivyosema."

Alisema taratibu, si kwa hasira, kila mtu wa foleni akasikia. Nikangoja acheke. Nilingoja kweli, nikiwa nimeshika kiatu kimoja, kwa sababu nilijua sasa hivi atanitukana, atasema natia kura kwenye sufuria, chochote. Akanyoosha mkono nyuma, ukamgusa binti mmoja tusiyemjua, wa kitongoji kingine. Akamwomba. Wakaingia.

Alipotoka nilimshika mkono tukarudi kwao. Nilimkwepesha mashimo, nikamsogeza penye kivuli. Mlangoni kwake akanitafuta bega, akalipata, akaweka kiganja juu yake.

"Ahsante, dada," akaniambia. "Mungu akuzidishie."

Mpaka leo ananiita hivyo, kwa heshima zote.