Boya la Tangi na Bustani ya Mama Mkwe

Nilipelekwa mafunzoni Biharamulo kwa sababu mkuu wa shule alikuwa ameandikiwa barua atoe mtu mmoja, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango wake. Mimi ni fundi wa shule ya sekondari ya bweni huku Ntobeye. Kazi yangu ni vitasa, taa, vyoo, pampu ya maji, na kulaumiwa.

Mafunzo yalikuwa ya siku tano. Hayakuhusu kujenga majengo mapya, bali kuyaendesha haya haya tuliyo nayo, na nyufa zake, bila kula umeme ovyo. Mkufunzi alikuwa mhandisi, binti ambaye ningeweza kumzaa. Kila asubuhi alituamkia shikamoo, tukaitikia marahaba, kisha akatuonyesha kwa michoro kwamba tumekosea maisha yetu yote. Mwenzangu mmoja, mtunza jengo la ofisi, alikiri kuwa taa zake za nje zinawaka usiku na mchana tangu mwaka juzi, kwa sababu swichi iko ndani ya chumba kilichofungwa na mwenye ufunguo alihamishwa. Hatukumcheka. Kila mtu alikuwa na chumba chake kama hicho.

Kuna maneno ya mkufunzi niliyaandika na kuyapigia mstari: "Nishati haipotei, inahama tu. Kazi yenu ni kujua imehamia wapi." Nilidhani nimeyaelewa.

Tukapewa kazi ya kwenda kufanya. Kila mmoja atafute upotevu mkubwa kuliko wote katika jengo lake, auzibe, aandike kwenye daftari kila siku kwa miezi mitatu, kisha arudi nalo.

Wa kwangu sikuutafuta, ulikuwa unasikika. Pampu ya kisima chetu huwashwa asubuhi, ikasukuma maji hadi kwenye tangi juu ya mnara. Hakuna aliyejua tangi limejaa saa ngapi. Tulingoja maji yaanze kumwagika kwenye bomba la ziada. Hapo mtu akiyasikia, akakumbuka, na akawa hana jambo jingine, alikwenda kuzima. Siku nyingine pampu iliunguruma mpaka wanafunzi wakamaliza chakula cha mchana. Nikamwomba mkuu swichi ya boya: maji yakipanda, boya linapanda nayo, na umeme unajikata wenyewe. Niliifunga Jumamosi. Jumatatu tangi likajaa, pampu ikanyamaza, na tone halikudondoka. Nilisimama chini ya mnara nikiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto. Daftarini nikaandika: Upotevu, hakuna.

Sasa, bomba lile la ziada linatokea ng'ambo ya uzio wa shule. Ng'ambo ya uzio kuna bustani ya mama mkwe wangu.

Nilijua. Nilijua kwa namna ile mtu anavyojua kuwa ana maini. Tangu mnara ujengwe, maji yale yalimfuata mama kwenye kifereji alichokichimba mwenyewe, yakamnyweshea mchicha, kabichi na nyanya chungu. Ni mjane, na bustani ile ndiyo iliyomfanya asimwombe mtu yeyote hata chumvi. Mboga za nyumbani kwangu nazo zilitoka pale. Mimi nilidhani mke wangu ni hodari wa kutafuta mboga.

Kiangazi kilikuwa kimeshika. Wiki ya pili, mchicha ukakosekana mezani. Nikauliza kulikoni.

"Muulize boya," mke wangu alisema.

Mimi ni mtu wa Runazi, si wa huku. Familia ya mke wangu inashika desturi yao: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawasemeshani moja kwa moja. Ni heshima. Jioni moja mama akaja, akakaa nyuma ya ukuta wa jiko. Mimi nilikuwa barazani. Mke wangu alikaa katikati, akichambua maharage.

"Mwanangu," mama alisema, kwa sauti ya kufika barabarani, "mwambie mumeo nimelima pale tangu wewe hujaolewa. Maji yamekwenda wapi?"

Mke wangu akanigeukia. "Mama anauliza maji yamekwenda wapi."

"Nimesikia."

"Hujasikia. Hajakuambia wewe."

Basi nikamweleza mke wangu habari za boya na pampu na umeme, naye akaueleza ukuta. Ukuta ukauliza.

"Kwa hiyo maji yapo?"

"Anasema yapo."

"Ila hayamwagiki?"

"Hayamwagiki, mama."

"Haya. Mungu ambariki," mama alisema, akainuka akaenda zake. Sijawahi kupewa baraka nzito kama ile.

Kesho yake nilimwendea mkuu wa shule, nikaomba tumfungulie mama maji kidogo kila siku. Aliniuliza kama nimerogwa. Maji ya shule hayaendi kwa mtu binafsi bila maombi ya maandishi kupita kwenye bodi.

"Lakini mkuu, mbona siku zote yalikuwa yanakwenda?"

"Yalikuwa yanamwagika," alisema.

Na alikuwa sahihi. Yalipokuwa yanamwagika yalikuwa ya yeyote. Nilipoyaokoa yakawa mali ya umma. Niliandika maombi. Bodi haijakaa.

Mama akaanza kuchota maji bondeni. Kila asubuhi nilipokuwa nasoma mita, alipita mbele ya geti akipanda kilima na ndoo kichwani, akitazama mbele kama desturi inavyotaka. Alikuwa akisimama mara mbili kabla ya kufika. Tarakimu za mita zilikuwa nzuri ajabu na sikuweza kuzifurahia. Niliona aibu.

Miezi mitatu ikaisha, tukarudi Biharamulo. Daftari langu lilipitishwa meza hadi meza.

"Mzee wangu," mkufunzi aliniuliza mbele ya wote, "umeme huu uliouokoa, kabla ya hapo ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Hakuna," nilijibu. "Maji yalikuwa yanamwagika tu."

Wakapiga makofi. Nikapewa cheti cha mshindi wa kwanza, na nikiwa nimekishika ndipo nikayakumbuka yale maneno niliyoyapigia mstari. Nilijua vizuri nishati yangu imehamia wapi. Imehamia kwenye shingo ya mama mkwe. Daftari lilikuwa na safu ya saa, ya mita na ya maoni. Safu ya shingo haikuwemo, nami sikuiongeza.

Tangu niliporudi, kila siku kabla ya kazi nashuka bondeni na baiskeli na madumu matatu, mawili ubavuni na moja nyuma. Naisukuma kupanda kilima, nayaweka kwenye mdomo wa kile kifereji, naondoka. Mama huwa amenipa mgongo, anapalilia. Wiki mbili zilipita hivyo, bila neno.

Juzi nikiwa natua madumu, akauinamia mchicha.

"Wewe mchicha," aliuambia, kwa sauti ile ya kufika barabarani, "mwambie huyo mwenye cheti dumu lake la nyuma linavuja."

Nilifurahi kuliko siku ya makofi. Nikainama kutazama. Lilikuwa linavuja kweli, tangu bondeni.