Mtendaji alimwandika mkwe wangu kuwa msaidizi wa kuniogesha. Nilivyomtoa na kuanza kuajiri mwenyewe

Wakuu, na nyie mnaosoma kimya kimya mkaondoka bila kuandika kitu, nawasalimu wote.

Haya yalinikuta mimi, kwenye mwili huu huu. Sijasimuliwa na mtu. Na majina nitayataja, maana walionifanyia hawakujificha wakati wananifanyia, sasa mimi niwafiche kwa faida ya nani.

Nimeishia darasa la tatu. Naandika kwa kidole kimoja nikiwa nimelala ubavu. Mwenye kutaka kusahihisha herufi asahihishe, mimi naendelea.

Mimi ni mama wa Kikurya, kijiji chetu kipo upande wa Nyamwaga. Miaka ile dhahabu ilipochanganya huku, watu walimiminika kutoka kila mkoa. Migomba ikang'olewa, yakachimbwa mashimo. Nilikuwa mkulima wa mahindi maisha yangu yote, ila mwaka ule niliweka jembe chini nikashika nyundo.

Sisi wanawake tulikuwa hatuingii kwenye duara, yaani lile shimo la wachimbaji wadogo. Tulikuwa tunaokota mawe ya mabaki pembeni, tunaponda, tunaosha, tunabahatisha.

Siku moja ukingo wa duara ulishuka na sisi. Wawili walifia pale pale. Mimi nilitolewa nikiwa hai, uti wa mgongo umevunjika. Kuanzia kiunoni kushuka chini sina habari na kitu chochote.

Mwenye duara anaitwa Sasi. Alinifikisha hospitali, akaniacha kwenye benchi na viatu vyangu kwenye mfuko wa nailoni, akasema anaenda kuninunulia maji ya kunywa.

Mpaka leo anatafuta hayo maji.

Nikarudishwa nyumbani. Mume wangu alishafariki zamani. Mtoto ninaye mmoja tu, Bhoke, ameolewa Kenyamonta huko wilaya ya Serengeti, na wakati huo alikuwa na kichanga mgongoni.

Majirani wakapanga zamu. Siwalaumu. Zamu zilianza na watu saba, baada ya mavuno akabaki mmoja, mama anaitwa Nyangi, naye alikuja akipata nafasi.

Hapa naomba mnielewe, maana mambo yote yanatokea hapa. Mtu asiyehisi miguu lazima ageuzwe. Asubuhi ubavu huu, baadaye ubavu ule. Akilalia upande mmoja siku nzima nyama inaoza na yeye mwenyewe hasikii maumivu. Hospitali nilikuwa na jirani wa kitanda, mgongo wake ulikuwa umevunjika kama wangu. Hakufa kwa mgongo. Alikufa kwa kidonda cha makalio.

Kwa hiyo mimi nilikuwa sihitaji pole. Nilihitaji mikono ya mtu, kila siku.

Ndipo ukaja mpango wa halmashauri kupitia watu wa ustawi wa jamii. Mlemavu asiyejiweza anapata msaidizi wa nyumbani, na msaidizi analipwa na mpango. Ulisomwa kwenye mkutano wa kijiji, mimi nimebebwa kwenye kiti nasikia kwa masikio yangu: mlemavu ndiye anayechagua msaidizi wake, ndiye anayempangia kazi, na akiona hafai anamtoa.

Narudia kwa waliopitia haraka. MLEMAVU NDIYE ANAYECHAGUA.

Fomu zilipitia kwa mtendaji wetu wa kijiji wakati huo, anaitwa Wambura. Alikuja kwangu akiwa na haraka, fomu tayari imejazwa.

"Mama Bhoke, weka dole hapa."

"Umeandika nini?"

"Utaratibu tu. Wewe kusoma unamaliza jua linazama, na mimi nasubiriwa Tarime."

Nikaweka dole. Hilo ni kosa langu, nalikubali mbele yenu. Nilikuwa na uwezo wa kusoma, polepole lakini nasoma. Niliona aibu kumchelewesha mtu wa ofisi.

Mwezi ukapita, hakuna msaidizi. Wa pili, hakuna. Nikamwita Wambura nikamuuliza. Akanijibu bila hata kukaa:

"Mbona msaidizi wako anasaini malipo kila mwezi."

"Nani huyo?"

"Mwita. Mkwe wako."

Kwa mliokulia Dar au Pwani mtaona ni jambo la kawaida tu, mkwe kamsaidia mama mkwe. Ngoja niwaeleze.

Kwetu mkwe na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Haingii chumba ninacholala. Tukikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Tangu amuoe Bhoke, mimi namjua Mwita kwa mgongo na kwa viatu. Sura yake nikiulizwa nitababaika.

Huyo ndiye aliyeandikwa aniogeshe. Anibadilishe nguo. Anitoe mpira wa mkojo na kuuweka.

Na Wambura ni Mkurya kama mimi. Hakukosea. Yeye na Mwita walikuwa na karasha yao ya kusagia mawe ya dhahabu, walikuwa wanaelewana vizuri sana. Tena alichagua kwa akili, maana alijua mama mkwe hawezi kusimama mbele ya watu kumshtaki mkwe. Alinimalizia mwenyewe akiwa mlangoni:

"Ukiongea, unamwongelea mwanao. Mwita akikasirika Bhoke anarudi hapa na watoto wake, na ng'ombe zinadaiwa. Utazitoa wapi?"

Ng'ombe za mahari ziliishia kwa shemeji zangu siku nyingi.

Nilinyamaza mwezi mwingine mzima. Nyangi akija ananigeuza, asipokuja nalala nilivyolala. Siku moja ananiosha akasimama kidogo, akasema taratibu, "Mama, hapa nyuma panatoa harufu."

Akachukua kioo akanionyesha. Kidonda, ukubwa wa kizibo cha soda. Kinaanza.

Nilikiangalia kile kizibo nikamkumbuka yule jirani yangu wa kitanda. Nikajiambia, Bhoke akirudishwa atalia ila atakuwa hai. Mimi nikiendelea na heshima hii, nakufa.

Hazikupita siku nyingi, tukaambiwa afisa wa ustawi anakuja kuhakiki. Ni binti wa Kipare, mpole, ana miezi michache tangu ahamie wilaya yetu. Wambura alimpenda kwa hilo hilo, kwamba hajui mambo ya huku.

Uwanja wangu ulijaa watu. Mimi nimelazwa kwenye godoro barazani. Mwita kaitwa kutoka Kenyamonta kaja na pikipiki, kasimama kule kwenye kihenge kanipa mgongo.

"Shikamoo mama," afisa akasema.

"Marahaba mwanangu."

Wambura akadakia, "Msaidizi wake ndiye yule pale. Anamchukulia kama mama yake mzazi."

Afisa akaniinamia. "Mama, anakuhudumia vizuri?"

Watu wote wakanitazama. Wambura naye kanikazia macho.

Mimi usiku na mchana nilikuwa nimeshalipanga la kusema. Kumshtaki mkwe siwezi, sawa. Basi sitamshtaki. Nikasema:

"Mwanangu, mimi maneno sina. Mwambie anibebe anipeleke ndani anibadilishe nguo, wewe ufuate nyuma uone anavyofanya."

Binti wa watu hajui kitu. Akageuka, "Haya kaka, mbebe mama twende."

Bibi mmoja akajifunika uso kwa khanga. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Mura, usijaribu," yaani kijana, usithubutu.

"Kuna nini?" afisa akauliza.

Wambura akajichekesha. "Leo mkono unamsumbua."

Yule bibi akasema akiwa ndani ya khanga yake, "Mkono upi? Si amekuja anaendesha pikipiki kwa yote miwili."

Watu wakacheka. Wambura akamwambia anyamaze, bibi akamjibu, "Mimi nimeuliza mkono tu, baba."

Afisa akaacha kucheka, akamfuata Mwita pale pale kwenye kihenge. "Kaka, mbebe mama."

Mwita alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema, "Siwezi. Huyo ni mama mkwe wangu."

"Sasa siku zote unambebaje?"

"Sijawahi kumbeba."

Mnaona wakuu. Sikumshtaki mtu. Neno baya sikutoa. Amesema mwenyewe kwa kinywa chake, mbele ya wazee, na fomu yenye sahihi zake imeshikwa na afisa.

Afisa alikata lile jina kwa kalamu mistari miwili, akaandika maelezo yake marefu. Halafu akaja akakaa kwenye godoro langu, akaniuliza:

"Mama, wewe unamtaka nani?"

Tangu duara linifunike watu walikuwa wanaulizana wao kwa wao, huyu apelekwe wapi, alale wapi, apewe nini. Nikaomba siku mbili nifikirie.

Sasa msidhani baada ya hapo ilikuwa raha. Kuajiri ni kazi, nasema ukweli.

Nilimchagua Nyangi kwa fadhila. Kumbe fadhila na kazi ni vitu viwili. Akishaanza kulipwa akaanza kunisimulia bombani, mama Bhoke makalio yamekauka, mama Bhoke leo amejichafua. Nikasikia kwa watoto wanacheka. Nikamwita.

"Nyangi, ulinisaidia wakati sina mtu, sitasahau. Ila kesho usije."

"Unanifukuza wewe? Na hali hiyo?"

"Na hali hii hii."

Wambura akanitumia ujumbe kwa mtu eti siku hizi mlemavu naye anafukuza watu kazi. Nikamrudishia kwa mtu huyo huyo: mwambie ndiyo, na angekuwa wa kwangu yeye angekuwa wa kwanza.

Ndio nikampata Kabula. Msukuma wa Shinyanga, alikuja kufuata dhahabu na mumewe, mume akasikia kuna rashi, yaani dhahabu mpya imeibuka, sehemu nyingine akaondoka bila kuaga. Alikuwa anaosha mchanga kwenye mialo ya kuchuja dhahabu, ana mikono ya nguvu na hana ndugu wa kumpelekea umbea.

Naye tulianza vibaya. Nikaona kikombe changu cha maji kila siku kinaletwa pungufu. Asubuhi nusu, jioni robo. Nikajua. Mtu akinywa kidogo anakojoa kidogo, kazi inapungua.

"Kabula, maji nakunywa ninavyotaka mimi. Kazi yako ni kumwaga mkojo."

Akacheka. "Mama, umenikamata." Akajaza kikombe mpaka kikamwagika kwenye shuka, akalazimika kuibadilisha. Tukacheka wote.

Nikampa masharti yangu. Usiniguse kabla hujaniambia unanigusa. Usiongee na mgeni juu ya kichwa changu kama vile sipo. Ya chumbani yaishie chumbani. Siku yako ya mapumziko ni yako, nitatafuta wa kushika. Naye akatoa lake: nisimwite kwa kupiga sufuria na kijiko. Nikakubali, hilo nilikuwa na kosa.

Kile kidonda kilifunga. Alinigeuza kila wakati wake, mvua au jua.

Wambura hakufungwa, msisubiri hilo. Alihamishiwa kijiji kingine, nasikia bado anajaza fomu za watu. Wa huko kama mnasoma hapa, someni kila mstari kabla hamjaweka dole, hata jua likizama. Akae asubiri.

Mwita hakumrudisha Bhoke. Angemrudisha angelazimika kueleza wazee sababu, na sababu yenyewe haielezeki.

Ila Bhoke mwenyewe hapokei simu yangu. Alinipigia mara moja tu akaniambia, "Mama, umemvua mume wangu nguo mbele za watu."

Nikamwambia, mwanangu, anayevuliwa nguo kila siku ni mimi. Nilitaka tu nichague wa kunivua.

Akakata. Inaniuma, siwadanganyi. Lakini ingekuwa kesho afisa anarudi na kuuliza tena, ningesema vile vile neno kwa neno.

Nilichojifunza: ukishakuwa hujiwezi kila mtu anakuwa bosi wako, mpaka na anayekuletea uji. Msaada ukija bila wewe kuchagua mtu, huo si msaada wako, ni wa aliyechagua. Na anayekuhudumia mheshimu, ana mgongo ambao bado unauma.

Naandika leo kwa sababu Kabula ameaga. Amepata mtaji anataka kufungua mgahawa wa chakula Mugumu. Nimemruhusu kwa moyo, si mfungwa wangu.

Nyie mlio na mgonjwa au mlemavu nyumbani, mwandike hapa: anayemwogesha alichaguliwa na nani? Na wanaoona nilimkosea mkwe wangu waseme pia, nitawajibu mmoja mmoja, muda ninao.

Na kama una dada au shangazi anatafuta kazi upande wa Nyamwaga, mwambie aje Ijumaa. Atahojiwa na mimi.