Vipimo vya Mfagizi

Msanifu majengo na watawa walimpima mfagizi tangu utosini hadi kisiginoni, wakajenga nyumba ya watawa kwa vipimo vyake, kisha wakamnyima chumba walichomwahidi. Kila dirisha kwenye kuta za zege liko usawa wa macho yake. Watawa, wote warefu kuliko yeye, huinama ili waone nje. Yeye hudeki amefumba macho. Akinyoosha mkono, swichi ipo; akishusha mguu, ngazi ipo. Akipita ukutani hupapasa taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Asubuhi moja mtawa mgeni alirudi chumbani kwake, kile cha mwisho, akamkuta mfagizi amelala chali kwenye kitanda cha zege, utosi umegusa ukuta huu, visigino ukuta ule.

“Mama, unaumwa?”

“Siumwi, Sista. Wewe humu miguu unaipeleka wapi?”

Mtawa akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Tangu ahamie humo, kila akiamka hujikuta amejikunja pembeni, kana kwamba amempisha mtu.

Mfagizi alishika ndoo, akarudi stoo ya sabuni anakolala. Msanifu alishakufa. Ufunguo wa chumba kile anadaiwa Mama Mkuu, aliyeahidi kwa kinywa chake, huku ameshika ncha ya futikamba.