Mgeni Juu, Mwenyeji Chini

Kila mwaka, Pasaka ikishapita, Perina alikunja mashuka yake, akabeba mto, redio na picha ya marehemu mumewe, akateremka kwenda kuishi konoba. Konoba ni lile ghala la chini ya nyumba ambamo mababu waliweka mapipa ya mvinyo na mitungi ya mafuta ya zeituni. Mababu wenyewe walilala juu, kwa kuwa hawakuwa na elimu ya biashara.

Kisiwani hakuna aliyeona ajabu. Majira ya joto yakifika, nusu ya mji iliishi chini ya miguu ya wageni, ikipika kwa sauti ndogo na kugombana kwa kunong'ona. Watoto walijifunza kulia kimyakimya kabla hawajajifunza kutembea.

Perina ndiye aliyeanzisha, au angalau ndiye aliyejisifu kuwa ameanzisha. Akiwa bado bi harusi alisimama gatini na kipande cha kadibodi, kimeandikwa kwa Kijerumani kwamba kuna vyumba. Wenzake walipiga kelele na kuvutana na wageni mikono kama wauza samaki. Yeye alijitenga kando, akamwangalia mama mwenye watoto waliochoka, kisha akaenda kumpokea begi lililo zito kuliko yote bila kusema neno. Aliyekwisha kukukabidhi mzigo wake, alikuwa akisema, amekwisha kukukabidhi na likizo yake. Wengine waliiga baadaye, lakini walipokea mabegi mepesi.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mgeni juu, mwenyeji chini. Mama mkwe wake, Jakica, alipinga kwa siku kadhaa, kisha akateremshwa pamoja na kitanda chake. Alifia hukohuko chini, Alhamisi moja ya mwezi wa Agosti, wageni kutoka Munich wakiwa juu wanakaanga mayai. Sasa, wageni kisiwani hubadilishana Jumamosi: asubuhi wanatoka wa zamani, alasiri wanaingia wapya. Perina alikwenda kwa padri akamwomba kengele ya msiba isubiri, na tangazo lisibandikwe ubaoni, mpaka feri ya Jumamosi asubuhi iondoke. Padri alielewa. Dada yake naye alikuwa na vyumba vya kupangisha. Basi Jakica akatangazwa amekufa Jumamosi, katikati ya kubadilisha mashuka, na wageni wapya wakaiona kengele kuwa ya kupendeza sana.

Mtu mmoja tu alikataa sheria hiyo. Ng'ambo ya kichochoro, chembamba kiasi kwamba majirani waliweza kupeana chumvi dirishani, aliishi Lukrica. Yeye wageni aliwalaza konoba na mwenyewe akalala juu. Walimjia wachache, na wengi hawakurudi.

"Jirani, unawauzia watu giza," Perina alimtania miaka nenda miaka rudi.

"Nauza ubaridi," alijibu Lukrica. "Kitanda nilichozalia sikiuzi."

Mume wa Perina alipofariki, mwanawe Frane alirudi kutoka mji wa Split na shahada ya mambo ya utalii. Kadibodi ikaenda jikoni kuwashia moto, nyumba ikaingia mtandaoni. Frane aliondoa msalaba uliokuwa juu ya kitanda cha wazazi wake, akatundika kasia, ingawa ukoo wao haukuwahi kuvua hata dagaa. Akampiga mama yake picha kizingitini, ameshika beseni la tini, na chini akaandika kwamba bibi wa nyumba anakukaribisha kwa mikono miwili. Wageni wakamwaga nyota tano tano. Mtandao ukamtunukia Frane cheo cha Mwenyeji Bora. Bibi wa nyumba akaendelea kukohoa konoba, maana zile kuta hutoa unyevu hata Julai.

Hakunung'unika. Alikuwa na siku yake anayoihesabu. Mkesha wa Watakatifu Wote, mwisho wa Oktoba, baada ya kupeleka maua makaburini, alipanda juu, akafungua madirisha, akaunguza harufu ya wageni kwa majani ya rozmari, akalala katika kitanda chake hadi Pasaka. Majira ya joto yalikuwa ya wageni; majira ya baridi yalikuwa yake. Huo ndio ulikuwa mkataba, ingawa hakuna aliyeutia sahihi.

Mwaka ule, siku chache kabla ya mkesha, Frane alishuka konoba na hita mpya mkononi. Perina aliitazama hita, akajua.

"Ni mume na mke tu, mama. Watu wa kaskazini, watulivu. Wanafanya kazi na kompyuta. Mpaka Pasaka."

"Wakafanyie kwao."

"Kwao baridi."

"Na huku?"

"Ndiyo maana nimekununulia hita." Kisha, kwa upole wa mtu anayemkumbusha mzee dawa zake: "Sheria si yako, mama? Mgeni juu, mwenyeji chini. Mimi nimeijua kabla ya Baba Yetu."

Perina akaipokea hita. Alikuwa amemfundisha vizuri.

Wale wageni walikuwa wema, na hilo ndilo lililouma. Walipogundua kuwa chini kuna mtu, walimwalika kahawa. Perina akaketi jikoni kwake kama mshitakiwa, wakamwandalia kwa vikombe vyake. Alipoaga, mke wa mgeni alimwonyesha kwa uvumilivu kwamba mlango unakwama, inabidi uuinue kidogo kwanza ndipo uusukume. Mlango ule ulikuwa ukikwama tangu siku Perina alipoingia humo na shela. Alishukuru. Akipita, alichungulia chumbani: juu ya kitanda chake kulikuwa kumetandazwa soksi zilizofuliwa.

Mwezi haujaisha, wageni walimwandikia Frane ujumbe. Nyumba ni nzuri, mandhari ya bahari ni nzuri, kila kitu kizuri. Ila usiku kikohozi kinapenya sakafuni. Waliuliza kama yule bibi ni mgonjwa, na kwa masikitiko wakatoa nyota nne.

Kwa kikohozi Frane alikuwa amenunua hita. Kwa nyota iliyopotea alichukua hatua. Dada yake anayeishi Zagreb alikuwa na sofa. Mama angekaa huko mpaka Pasaka.

"Lini?" aliuliza Perina.

"Jumamosi, feri ya asubuhi."

"Bila shaka, Jumamosi." Alikuwa akikunja mashuka, kazi aliyoiweza hata usingizini. "Nikifia Zagreb, Frane, kengele utaipiga lini?"

"Mama, usianze."

Jumamosi alivaa koti la kanisani, akachukua begi, mto na picha ya marehemu, akamwambia Frane asimsindikize kwa sababu wageni wangehitaji kuni. Akatoka. Hakuteremka gatini. Alivuka kichochoro.

Lukrica alikuwa kizingitini akichambua mboga.

"Una chumba?"

"Ninacho. Chini."

"Juu una viwili."

"Kimoja nalala. Cha pili nalala nikichoshwa na cha kwanza." Lukrica hakuinua macho. "Sheria yangu unaijua, jirani. Umeicheka miaka yote."

Perina akateremka. Lukrica akaweka mboga kando, akainuka, akampokea begi lililo zito.

Kabla ya chakula cha mchana mji mzima ulikuwa na habari kwamba mama wa Mwenyeji Bora amepanga kwa Lukrica. Frane akaja, akiongea kwa sauti ya chini ili wageni wake wasisikie. Watu watasema nini, aliuliza mlangoni.

"Mgeni wangu anapumzika, kijana," Lukrica alimjibu kutoka dirisha la juu. "Rudi saa za wageni kuingia."

Jioni bura, ule upepo wa baridi kali, ulianza kuvuma. Kutoka kidirisha cha konoba ya Lukrica, Perina aliweza kuona dirisha la chumba chake ng'ambo, taa inawaka, vibao vya kijani vya kulifungia viko wazi. Kila majira ya kuchipua alivipaka rangi kwa mkono wake. Kikohozi kikamjia. Kwa mazoea alitafuta leso ya kujiziba mdomo, halafu akaiacha.

Alikohoa kwa nafasi, kama mtu aliyelipia chumba. Ng'ambo, mkono wa mgeni ukatoka ukavuta vibao, kimoja, kisha cha pili.