Kitufe Chini ya Mashuka

Mume wangu alipofikisha miaka hamsini na minane alianza redio. Si ya kusikiliza habari, hapana, ya kuongea na watu. Nikamwambia, "Baba, wenzio umri huu wanafuga kuku." Akacheka. Alikuwa karani wa bohari, kutwa haulizwi kitu ila misumari, na alikuwa na kiu ya watu.

Akafanya mtihani, akapewa leseni, akapanda paani kufunga waya wa antena. Mimi huyo nikauanikia soksi. Weee! Alivyonijia juu siku hiyo!

Redio ikakaa kwenye meza yangu ya kupigia pasi, maana mimi dobi na nyumba ni vyumba viwili. Aliyemfundisha ni muuguzi mstaafu, mzee anayeishi peke yake kilimani ambako simu haishiki. Hawakuwahi kuonana. Kila asubuhi saa kumi na mbili utasikia:

"Kaka, umeamkaje?"

"Kifua tu, ndugu yangu. Lakini nipo."

Kisha somo lile lile. Sikiliza kwanza. Kama kuna mtu anaongea, mwache amalize, ndipo ubonyeze kitufe cha kipaza sauti. Ukishasema, achia, la sivyo umewaziba wenzako wote. Mume wangu aliyarudia hayo hata akiwa anakula, mpaka nikachoka naye.

Jumanne moja akaenda kazini, redio kaiacha inaunguruma. Nikaletewa mashuka ya nyumba ya wageni, rundo zima, yanatakiwa jioni. Meza yenyewe ndiyo hiyo. Kipaza sauti nikakisukuma ukutani, mashuka nikayapanga juu yake. Muungurumo ukakatika, taa ndogo nyekundu ikawaka. Niliiona, wallahi niliiona. Nikasema, "Afadhali umenyamaza," nikaendelea kupiga pasi huku naimba. Nikiwa na kazi nyingi naimba sana.

Mume wangu aliporudi jioni aliinua mashuka, akatazama kile kitufe kilivyobanwa, akazima redio. Kesho yake asubuhi aliita kilimani mara saba. Kimya.

Mazishini ndiko tulikosikia. Muuza maziwa alisimama mbele ya watu akaeleza alivyomkuta mzee Jumanne ile, saa nne, kajiinamia kitini, jasho linamtoka, kipaza sauti mkononi. Akamuuliza, "Mbona huiti watu, mzee?" Mzee akamjibu kwa taabu, "Kuna mama anaimba. Ngoja amalize."

Muuza maziwa akakimbia kutafuta gari. Liliposhuka na mzee mpaka barabara kubwa, alikuwa ameshakata roho.

Watu wa redio wakaanza kutazamana. Mume wangu akasimama, kofia mkononi. "Ilikuwa redio yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekiweka vibaya kipaza sauti. Kosa ni langu."

Wala hakugeuka kunitazama. Nami nilikuwa pale pale nyuma yake, katikati ya wanawake, mdomo nimeufunga.