Fundi wa Temeke Anayechagua Sailensa kwa Ubani na Meno

Saa moja asubuhi, Temeke. Mwishehe Salumu amepiga magoti uani kwake, na mbele yake kuna chetezo kinachofuka ubani. Hasomi dua. Ameshika sailensa, lile kopo refu la chuma linalopunguza mlio wa gari, na ameisimamisha juu ya chetezo ili moshi upite ndani yake.

Moshi unaingia, unasita, kisha unarudi chini na kumpata machoni. Mwishehe anakohoa na kuiweka kando.

"Hii ina kuta ndani," anasema kwa sauti kubwa mno. "Moshi unapigishwa kona. Gari likivaa hii litahema kama mgonjwa wa pumu."

Anachukua nyingine. Hii ina bomba moja lililonyooka katikati, lenye matundu madogo, limezungushiwa pamba ya chuma. Moshi unapanda na kutoka juu bila taabu. Anatafuta ya pili ya namna hiyohiyo, maana gari analolitengeneza lina silinda nane na mabomba mawili ya moshi, kulia na kushoto, na pande zote mbili sharti zipumue sawa.

Anapaza sauti kwa sababu hasikii. Miaka kumi na tisa ya kugonga chuma imemaliza masikio yake, naye mwenyewe anakiri kwamba hakuwahi kuyaziba hata siku moja.

Mwaka jana alifanya kosa linalomuuma mpaka leo. Alimfungia mteja sailensa nyepesi, akaona gari liko kimya, kumbe linanguruma mtaa mzima. Mteja alikamatwa na polisi siku hiyohiyo. Magari matano kwa wiki yakawa moja, na wiki nyingine hakuna.

"Nilikuwa nawaficha watu kwamba sisikii," anasema. "Mtu akinena nami natikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo. Aibu, bwana! Nani atampa kazi ya mlio mtu asiyesikia?"

Aliyempa ni Apolinari, dereva wa teksi aliyetoka Bukoba. Gari lake lilishindwa kupanda mlima wa Pugu na abiria wanne kwa sababu sailensa zake za zamani zilibana moshi. Alipozing'oa likapanda vizuri, ila mkaguzi wa magari akampa siku saba apunguze makelele au leseni ifutwe. Leo ni siku ya saba.

Mwishehe naye amejiwekea sharti. Gari hili likikataliwa, atauza nyundo zake akabebe mizigo bandarini.

Mkewe, Somoe, anakitazama chetezo chake cha harusi kilivyojaa masizi. "Ubani wote umekwisha, na anayefukizwa ni gari!" anasema, huku akicheka.

Kufikia saa nne sailensa zote mbili zimefungwa. Apolinari anawasha injini. Mwishehe analala chini ya gari, anabana mpini wa bisibisi kwa meno na kuigusisha ncha kwenye sailensa ya kulia, kisha ya kushoto. Mtikisiko anaupata mdomoni.

"Zima! Kushoto kunawasha meno."

"Fundi, mbona shwari? Mimi nina masikio mawili na sisikii kitu," analalamika Apolinari. "Muda unakwenda!"

Somoe anamfafanulia mumewe maneno hayo kwa ishara za mikono. Mwishehe anakataa. "Meno yangu yamekataa. Naifungua."

Anaifungua. Ndani, pamba ya chuma imeachana upande mmoja. Anaishindilia upya, anafunga, anarudia bisibisi, kisha anaweka viganja nyuma ya mabomba yote mawili mpaka aridhike kwamba pumzi ni sawa. Saa saba wanaondoka kwenda kwa mkaguzi.

Mkaguzi anasimama nyuma ya gari. Anaagiza mafuta yakanyagwe, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu anamgeukia Mwishehe na kumwambia jambo. Mwandishi wa habari hii anaona kichwa cha fundi kikianza kutikisika, ndiyo, ndiyo, kama zamani. Kisha kinatulia.

"Mie sisikii, bwana," anasema mbele ya watu wote. "Nionyeshe."

Mkaguzi anatoa karatasi ya kulipitisha gari. Anapiga mhuri kwenye karatasi, na badala ya kumpa dereva, anaiweka mkononi mwa fundi.

Njiani kurudi Temeke, Mwishehe hataki kuiachia. Nyumbani anaranda ubao wa kibao chake, na Apolinari anaahidi kuuandika: FUNDI MWISHEHE, MABOMBA YA MOSHI. HASIKII.

Somoe anamwuliza kwa mikono kwa nini neno la mwisho liandikwe.

"Walionikimbia niliwaficha," anajibu. "Watakaokuja waje wakijua. Tena aliandike kubwa."

Lakini fedha ya kwanza ya kazi hii si ya rangi ya kibao. Ni ya chetezo kipya cha Somoe, kwa sababu kile cha harusi, anasema Mwishehe, sasa ni chombo cha kazi.